Chema Hakijiuzi

Mhadhara uliotolewa Kampala, mbele ya wapenzi wa muziki wanaokutana kuzungumza kwa Kiswahili

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni. Najua wapo wenzetu waliojibanza chini ya mabati pale Wandegeya wakingoja mvua ipungue wapate boda boda. Tukiwasubiri tutakesha. Tuanze, watatukuta njiani.

Naanza na swali, na nataka kuona mikono. Nani hapa anaujua wimbo wa Mariah Carey unaoitwa "Without You"? Ule wa kulia, ambao kiitikio chake kinapanda mpaka unahofia glasi za jirani.

(Mikono karibu ya wote.)

Mama pale nyuma amenyoosha yote miwili. Asante, mama.

Wengi wenu mnakumbuka. Redio za FM za watu binafsi zilianza hapa Kampala mwishoni mwa mwaka 1993, na wimbo huo ukatoka mwanzoni mwa 1994. Basi tuliupata ukiwa wa moto, kwenye redio ambazo nazo zilikuwa za moto. Mimi nilikuwa Sinia Tatu, yaani kidato cha tatu. Nakumbuka teksi ya kwenda Ntinda, abiria kumi na wanne na kuku mmoja, dereva amefungulia redio mpaka mwisho, na kondakta anaimba kiitikio kwa maneno yake mwenyewe ambayo hayakuwa Kiingereza wala Kiganda. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Hata kuku alitulia.

Swali la pili. Nani aliutunga?

(Sauti: "Mariah mwenyewe!" Sauti nyingine: "Nilsson!")

Mzee wetu wa Bombo amesema Nilsson. Umekaribia, mzee, lakini bado hujafika nyumbani. Harry Nilsson, Mmarekani, aliuimba mwaka 1971, na mwaka uliofuata ukashika namba moja Marekani na Uingereza. Alifariki Januari 1994, mwezi uleule ambao Mariah alikuwa anaurudisha redioni. Lakini yeye naye aliukuta. Wenyewe ni vijana wawili wa bendi ya Badfinger, Pete Ham na Tom Evans, na walishaurekodi mwaka 1970 kwenye albamu yao. Haukutolewa hata kama singo. Ulikaa humo ndani ya albamu kama mgeni asiyekaribishwa chai.

Kuna methali tunaipenda sana: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bibi yangu aliisema kila alipoona mtu anapiga kelele sokoni. Nimekuja leo kubishana na bibi, Mungu amrehemu. Kwenye muziki methali hiyo haisimami. Chema hakijiuzi. Nimezifuatilia bendi za namna hii karibu miaka thelathini, bendi za gitaa na sauti tamu ambazo zilistahili zaidi ya zilichopata, na kila mara nikichimba nakuta mtu: aliyekibeba hicho chema, au aliyekiangusha.

Badfinger walitoka Swansea, kule Wales. Mwanzo waliitwa The Iveys. Mwaka 1968 walichukuliwa na Apple, kampuni ya Beatles wenyewe. Sasa fikiria bahati hiyo! Paul McCartney akawapa wimbo wao wa kwanza mkubwa, "Come and Get It". George Harrison akawasimamia studio kwenye "Day After Day", na gitaa lile linaloteleza mnalolisikia humo, sehemu ni la Pete Ham na sehemu ni la Harrison. Mtu angesema hawa wameshafika.

Wimbo wa "Without You" wenyewe ulizaliwa kwa kuunganisha viraka viwili. Ham alikuwa na beti nzuri, kiitikio chake hakikumridhisha. Evans alikuwa na kiitikio, beti hana. Wakavishona. Mkiusikiliza kwa Badfinger mtashangaa jinsi ulivyo mpole. Hakuna kupaa. Kiitikio kinaimbwa kama mtu anayejisemea jikoni usiku, asitake kuwaamsha watoto. Nilsson ndiye aliyekipandisha juu ya paa, Mariah akakipeleka mawinguni. Mimi, na hapa najua nitagombana na mama wa mikono miwili, naupenda wa jikoni.

Baada ya hapo ni hesabu za fedha, na sitakaa hapo sana kwa sababu zinaumiza. Walikuwa na meneja aliyeshika kila senti. Wakahamia kampuni ya rekodi ya Warner. Mwisho wa 1974 wakatoa albamu ambayo wengi wetu tunaiona ndiyo bora kuliko zote zao, na baada ya wiki chache kampuni ikaiondoa madukani, kwa sababu kulikuwa na ugomvi wa fedha za malipo ya awali zisizojulikana zimeenda wapi. Wanamuziki hawana mshahara, albamu haiko sokoni, na hawawezi kuimba mahali pengine kwa sababu ya mikataba. Pete Ham alijitoa uhai Aprili 1975. Zilibaki siku tatu atimize miaka 28, na mkewe mtarajiwa alikuwa mjamzito. Mwaka 1983 Tom Evans akafuata njia hiyohiyo, katikati ya mabishano ya mapato ya wimbo huohuo ambao sisi tuliucheza kwenye harusi.

(Ukimya.)

Kwa hiyo mtu akiniambia "bendi hii haikuthaminiwa kwa sababu watu hawana masikio," nakataa. Badfinger masikio ya watu yaliwapenda. "Day After Day" ilifika namba nne Marekani. Kilichowamaliza kilikuwa ofisini.

Sasa niwahamishe Memphis, maana hapo ndipo mapenzi yangu binafsi yalipoanza, na yalianza bila jina.

Shuleni kwetu Jinja alikuwepo mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani. Alifundisha hisabati, vibaya kidogo, lakini alikuwa na moyo. Alipoondoka aliacha boksi la kanda kwenye chumba cha maabara. Tuligawana. Wakubwa walichukua zile zenye picha na majina. Mimi mdogo nikabaki na kanda ya kudabu, yaani ya kunakiliwa, haina jalada, juu yake ameandika kwa kalamu: ROKI 3. Basi.

Upande wa kwanza wa ROKI 3 niliusikiliza mpaka utepe ukaanza kuimba puani. Kulikuwa na wimbo wa gitaa tupu, mvulana anamwomba msichana watembee wote kutoka shuleni, sauti nyembamba kama uzi. Kulikuwa na mwingine gitaa lake linalia kama kengele za baiskeli, lakini anayeimba ana huzuni. Sikujua ni nani. Nilimuuliza kila mtu wa vibanda vya kudabu kanda mjini Kampala. Mmoja akaapa ni Beatles. Mwingine akaniuzia kanda ya Bee Gees, akasema hawa ndio hao hao, wamebadilisha studio.

Miaka ikapita. Intaneti kafe zilipofika Wandegeya nikalipia nusu saa, nikaandika maneno machache niliyoyakumbuka ya wimbo ule wa gitaa tupu. Ukurasa ulifunguka taratibu kama mlango wa benki. Big Star. Wimbo unaitwa "Thirteen". Memphis, Tennessee, mwaka 1972.

Big Star walikuwa wanne: Alex Chilton, Chris Bell, Andy Hummel na Jody Stephens. Jina walilichukua kwenye bango la duka kubwa la vyakula lililokuwa ng'ambo ya studio yao. Ni kama vijana wa hapa wajiite jina la duka la Owino. Albamu ya kwanza wakaipa jina la majigambo, Rekodi Namba Moja kwa Kiingereza. Nyota Kubwa, Namba Moja! Waandishi wa muziki wakaisifu. Na ikauza, katika siku zake za kwanza, chini ya nakala elfu kumi.

Kwa nini? Hapa naomba mnisikilize, ndipo ubishi wangu na bibi unapokaa. Studio yao, Ardent, ilikuwa inategemea Stax kusambaza. Stax ni jumba la muziki wa soul, la kina Otis Redding na Isaac Hayes. Walijua kufikisha rekodi za soul kwa watu wao, lakini wavulana weupe wenye magitaa hawakuwa na duka lao. Kisha Stax ikaingia mkataba mpya wa usambazaji na kampuni ya Columbia, na katika mvutano wa hao wakubwa rekodi ya Big Star ikawa haiko madukani. Redio inapiga wimbo, mtu anaenda dukani na hela mkononi, haikuti.

Ndizi za Mbarara zikikwama Lukaya siku nne kwa sababu lori limekufa na mwenye lori anagombana na mwenye mzigo, zikifika Nakasero zimeiva kupita kiasi, utasema Wakampala hawapendi matoke?

(Kicheko.)

Chris Bell, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa na masikio makali kuliko wote pale studio, alivunjika moyo akaondoka bendi mwaka huohuo. Alifika mahali akafanya kazi kwenye mgahawa wa baba yake. Akafa kwa ajali ya gari Desemba 1978, umri miaka 27. Chilton, ambaye akiwa na miaka 16 alishawahi kushika namba moja Marekani na bendi nyingine, The Box Tops, aliishi muda mrefu akiwa hataki sana kuulizwa habari za Big Star. Albamu yao ya tatu ilirekodiwa 1974 ikatoka 1978, bendi yenyewe ilishakufa.

Na bado nipo hapa, Kampala, nazungumza habari zao. Mbebaji alikuwa nani?

Walikuwa mashabiki. Nakala zile chache zilizouzwa zilianguka kwenye mikono iliyokuwa inajua kushika gitaa. Bendi ya R.E.M. wakawasifu kila walipopewa kipaza sauti. Bendi ya The Replacements ilitunga wimbo mzima unaoitwa jina la Alex Chilton, mwaka 1987. The Bangles walirudia "September Gurls" mwaka 1986 kwenye albamu iliyouza sana. Na mwaka 1993 wanafunzi wa redio ya Chuo Kikuu cha Missouri walifanya jambo ambalo mtu mzima mwenye akili asingelifanya: waliwaita Big Star waje wapige, kana kwamba bendi ipo. Stephens akakubali, Chilton naye akakubali, na nafasi mbili zilizobaki zikajazwa na vijana wawili wa bendi ya The Posies waliokuwa mashabiki wao, Jon Auer na Ken Stringfellow. Shabiki akawa mwanabendi! Walipiga pamoja mpaka Machi 2010, Chilton alipofariki siku chache kabla ya onyesho lao la Austin, Texas. Onyesho halikufutwa, liligeuzwa kuwa la kumkumbuka.

Sasa nasema maneno kidogo juu ya muziki wenyewe, maana tunaongea habari za vifo kana kwamba tunasoma tanzia redioni.

Waliowahi kuimba kwaya wanajua: soprano, alto, tena, besi. Mwalimu wa kwaya anaandika do-re-mi ubaoni, kila kundi linajifunza mstari wake, na siku ya kwanza kuunganisha kuna sekunde ambayo nywele zinasimama. Bendi hizi zinaishi kwenye sekunde hiyo. Zinachukua ngoma na gitaa la roki, lile lenye kutu, halafu juu yake zinaweka sauti tatu za kwaya. Kwa Kiingereza mtindo huu unaitwa "power pop", neno "nguvu" na neno "pop", na aliyelitumia kwanza jina hilo ni Pete Townshend wa bendi ya The Who mwaka 1967. Mimi nauita muziki wa sukari na ndimu. Wimbo unakufurahisha mwili huku maneno yanakuliza. Sikilizeni pia urefu: dakika tatu, kwisha. Kwa sisi tuliokulia rhumba ambapo sebene peke yake ni dakika sita, mwanzoni utadhani umeme umekatika.

The Zombies wa St Albans, Uingereza, nitawapitia mbio. Walirekodi albamu mwaka 1967, nyingi ya nyimbo zake pale Abbey Road. Kabla haijatoka, bendi ilishavunjika kwa kukata tamaa. Aliyechora jalada akakosea hata tahajia ya jina la albamu, likachapwa hivyohivyo, "Odessey" badala ya "Odyssey", na hivyo ndivyo lilivyo mpaka leo. Mwimbaji wao, Colin Blunstone, akaenda kufanya kazi katika ofisi ya bima. Mwaka 1969 wimbo wao "Time of the Season" ukapanda mpaka namba tatu Marekani, na kwa kuwa bendi haipo, matapeli wakaunda Zombies wa bandia wakazunguka wakikusanya viingilio. Wawili kati ya hao bandia baadaye wakawa watu mashuhuri wa bendi ya ZZ Top! Huyo Blunstone yupo mezani anajaza fomu za bima za watu.

Kabla sijasahau, mashabiki nao tuna dhambi zetu. Ipo tabia ya kupenda bendi kwa sababu majirani hawaijui. Mwaka 2013 tamthilia moja kubwa ya Marekani ilifunga kipindi chake cha mwisho kwa wimbo wa Badfinger, "Baby Blue". Watu wakaukimbilia kuununua usiku uleule. Mimi, nakiri mbele yenu, nilinuna. Kama mume anayeona mkewe anasifiwa na kijiji. Nilikaa siku mbili na kinyongo kabla sijajiuliza: wewe ulitaka nini hasa? Wajulikane au wabaki wako? Shabiki wa namna hiyo hana tofauti na mtu aliyefungia rekodi stoo. Naye ni lori lililokwama Lukaya.

Dhambi ya pili ni kutia chumvi. Si kila bendi iliyokosa bahati ilikuwa bora. Nyingine zilikosa soko kwa sababu zilikuwa za kawaida, na hapo bibi alikuwa sahihi kabisa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini haki ni pamoja na kusema wimbo wa saba kwenye albamu ni mbovu.

(Mzee wa Bombo anaomba nafasi.)

Karibu, mzee.

"Mwalimu, hayo umesema vizuri. Lakini mbona umetuletea Wazungu watupu? Sisi tulikuwa na bendi."

Ahsante, mzee wangu. Umenishika mahali penye kidonda, na nilikuwa naelekea huko kwa mwendo wa konokono. Tuseme "Malaika". Fadhili William wa Kenya ndiye anayetajwa kuurekodi kwanza, Watanzania wanasema mwenyewe ni Adam Salim, na ubishi haujaisha. Wakati sisi tunabishana, Miriam Makeba aliuimba, Boney M wakauimba, dunia nzima ikaucheza. Ni "Without You" ya Kiswahili hiyo: wimbo una pasipoti, mtunzi amebaki mpakani anaulizwa kitambulisho.

Na hapa mjini tuna Afrigo, imeanzishwa mwaka 1975, Moses Matovu na saksafoni yake, wengine wao walitoka Cranes Band. Mwaka 1975, jamani! Waliokuwepo mnajua kupiga muziki usiku katika Kampala ya wakati ule kulikuwa kunataka moyo gani. Hapa nyumbani tunawaheshimu, sawa. Lakini vukeni tu Busia au Mutukula, muulize kijana wa Kisumu au Bukoba akutajie wimbo mmoja wa Afrigo. Atakutajia bendi za Kongo kumi bila kupumua. Je, ni kwa sababu melodi zao ni dhaifu? Pigeni hesabu ya lori tena. Kanda zilisambazwa na nani, zilifika mpaka wapi, redio ya jirani ilizipata kwa nani, na mikataba iliandikwa vipi katika nchi ambayo sheria yake ya sasa ya hakimiliki imekuja mwaka 2006? Na lugha pia: walioimba Kiganda walibaki kwa Waganda, na Kiswahili ambacho kingewavusha mpaka, sisi wenyewe tulikuwa tunakiogopa kwa sababu kilikuwa lugha ya jeshi, kilivaa buti za askari. Kiswahili chenyewe hapa ni bendi isiyothaminiwa. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine, nisije nikatupiwa viti.

"Mimi nilipiga besi kambini," mzee anasema. "Miaka ya sabini. Tulikuwa watu saba. Tuliimba kwa Kiswahili na kwa Kinubi, lugha ya Wanubi. Kanda ninayo moja. Wenzangu wote wameshatangulia."

Pole sana, mzee. Inaitwaje hiyo bendi?

"Haikuwa na jina. Tulikuwa tunaitwa tu, vijana wa muziki, njooni."

Na juu ya kanda pameandikwa nini?

"Hakuna kitu."

(Ukimya, kisha mtu anapiga makofi peke yake.)

Basi mzee, muhadhara wangu umeuchukua. Naomba Jumamosi ijayo uje nayo. Usiitie kwenye redio yoyote kabla, utepe wa zamani unakatika. Redio kaseti ninayo nyumbani, mkanda wake wa ndani umelegea kidogo lakini bado unazunguka. Utatutajia majina ya hao saba, nani alipiga nini, nani aliimba sauti ya kwanza, na wimbo upi ulikuwa wa nani. Kalamu nitaleta mimi.